Vijiti vya Kufuta Kamera na Mikono Yangu

Mimi si mchafu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma, na kwa sababu wako watu Tegeta, Kinondoni na Temeke, watu wa kamera shingoni ambao sijawahi hata kunywa nao chai, wanaojua jambo moja tu juu yangu: kwamba mikono yangu ina mafuta. Sura yangu hawaijui. Jina langu hawalijui. Wanaijua mikono, na hata hiyo wameijua vibaya.

Kwa miaka mingi nilikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari. Mhudumu wa maabara ni yule mama anayeosha mirija ya kioo wanafunzi wakishamaliza fujo zao, akaisuuza, akaipanga kichwa chini miguu juu mpaka ikauke. Mwalimu wa kemia alikuwa na tabia ya kuuinua mrija mmoja dirishani, kuutazama, kisha kuurudisha mahali pake bila kusema neno. Hakuwahi kuurudisha kwenye beseni. Huenda kwake lilikuwa jambo dogo, lakini mimi nilikuwa naenda nalo nyumbani. Kazi ile ilipofutwa nilirudi kwangu Chanika, kwenye kiwanja changu na matuta yangu ya mchicha, nikiwa na hasira za kutosha mwaka mzima.

Mdogo wangu wa mwisho ni fundi kamera, ana kibanda chake Tegeta. Yeye ndiye aliyenifundisha ugonjwa wa kamera hizi za kubadilisha lenzi. Ukitoa lenzi, vumbi linaingia na kutua juu ya kioo cha ndani, kile kinachopokea picha. Punje moja, hata usiyoiona kwa macho, inakuwa doa jeusi katika kila picha, palepale. Fikiria mpiga picha wa harusi. Bibi harusi kavaa nyeupe tupu, na doa linamfuata kuanzia kanisani mpaka kwenye keki.

Kifaa cha kuondoa vumbi hilo ukikiona utacheka. Ni kijiti cha urefu wa kalamu, na mwishoni kina kipande cha mpira laini wa silikoni, cha mraba, kikubwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Unakigusisha kwenye kioo, unakiinua, na vumbi linabaki kwenye mpira. Kisha unakigandisha kwenye karatasi yenye gundi hafifu, vumbi linahamia huko, unarudia tena. Hakuna kusugua, hakuna maji. Vijiti hivyo vilikuwa vikitoka nje ya nchi, vinachelewa, na vingine vilikuwa vya bandia. Basi Jumapili moja mdogo wangu akaja Chanika, akala wali na maharage yangu, akajifuta mdomo, akasema, "Dada, mpira ni mpira. Sie tunashindwa nini kutengeneza hapahapa?"

Aliposema sie, alimaanisha mimi.

Tulipanga chumba Vingunguti, kwenye uwani wa mama mmoja wa Kiarabu ambaye familia yake ina duka la mchele na mafuta hapo tangu baba yake. Mama huyu alikuwa mtu mzima, mnene, mwepesi wa kucheka, na siku ya kwanza tu alinijia na sahani ya kaimati. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba ndefu, akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia sisi ni watu wa bara. Akasema, "Basi mtazoea joto na mtazoea harufu." Joto nilishalizoea. Harufu ilikuwa ya machinjio, na upepo ukigeuka ilikuwa inaingia hata ndani ya kabati lililofungwa.

Kalibu tulichongewa na fundi vyuma wa mtaa uleule. Zilikuwa sahani mbili za alumini zinazofungana kwa boliti, ndani zina vishimo ishirini vya mraba, na kila kishimo kina mfereji wa kulaza kijiti. Fundi yule alidhani tunatengeneza pipi. Tulimrudishia mara tatu, kwa sababu chini ya kishimo kukiwa na mkwaruzo mmoja, mpira unauchukua mkwaruzo huo kama ulivyo, na kitu cha kugusa kioo hakitakiwi kuwa na hata unywele. Mara ya tatu nilikaa mwenyewe na karatasi ya msasa laini kuliko zote, halafu na dawa ya kung'arishia, nikasugua vishimo vyote ishirini kwa ncha ya kijiti cha mwanzi. Nilitumia siku nne. Mdogo wangu alikuwa akipita anasema, "Dada, inatosha bwana." Haikuwa imetosha.

Silikoni yenyewe inakuja makopo mawili. Unapima kutoka kila kopo kwa mizani ndogo kama ya wauza dhahabu, unachanganya polepole, na hapo saa inaanza kwenda maana itaganda. Shida ni hewa. Ukikoroga umeingiza mapovu, na povu moja likikaa usoni mwa mpira, kijiti hicho cha kutupa. Mdogo wangu akaunganisha kompresa ya friji bovu na sufuria la presha ili inyonye hewa, akatoboa kifuniko, akaweka kioo juu ili tuone ndani. Ukiwasha, silikoni inaumuka kama maziwa yanayotaka kumwagika, inajaa mapovu, halafu inashuka ghafla, imetulia, safi. Nilipenda sana kutazama hapo inaposhuka. Kisha unamimina kwa uzi mwembamba, pembe moja ya kishimo tu, uiache ijisambaze yenyewe. Kijiti kina kitundu mwishoni, mpira unapita humo na kujifunga wenyewe, wala hauhitaji gundi.

Mmimino wa kwanza haukuganda. Tulifungua kalibu tukakuta mpira unanata, unavutika, nusu uji nusu ugali. Mdogo wangu akasema tumeuziwa makopo mabovu, akaanza kumtukana muuzaji kwenye simu. Mimi nikachukua kioo cha kukuzia nikaangalia. Palikuwa na alama za vidole. Pale nilipoishika kalibu kwa glovu, mpira umebaki uji, na pale nisipogusa umeganda vizuri kabisa. Zilikuwa zile glovu nyeupe za hospitali, na kumbe mpira wa glovu zile ni sumu kwa silikoni ya aina hii. Za bluu hazina shida, lakini kwa wakati ule hatukuzipata kirahisi. Nikasema basi, mikono mitupu, iliyooshwa kama ya daktari. Mdogo wangu akanishika bega, akasema, "Bila we, dada, ningefungaga hiki chumba leo."

Maneno hayo aliyanena kweli. Nayaandika ili yawepo mahali.

Basi ikawa ndiyo kanuni: mikono mitupu, na mafuta marufuku. Mtu asiyeishi na ngozi kama yangu haelewi maana yake. Asubuhi unaoga, unakaa hivyohivyo, miguu na mikono imepauka kama umetoka kubeba saruji, na unapita mbele za watu. Niliacha mafuta ya nazi, niliacha losheni, nywele nikazisuka na kuzifunga kitambaa. Jumapili peke yake ndiyo nilijipaka, na Jumatatu asubuhi nilijisugua kwa sabuni ya mche hadi viwiko vikawasha. Nilifanya hivyo mwaka mzima na zaidi, na hakuna aliyenisimamia.

Mpira ukitoka kwenye kalibu unakatwa kingo kwa wembe, unaoshwa kwa sabuni isiyo na manukato, unasuuzwa kwa maji yale yaliyosafishwa wanayouza kwa ajili ya betri za magari, unaingia kwenye oveni. Ukitoka kwenye oveni unapimwa. Unaugandisha kwenye kipande cha kioo safi, unauondoa, unapuliza pumzi. Kama umeacha kitu, mvuke wa pumzi utaonyesha umbo la mraba. Kama haujaacha kitu, mvuke unalala sawasawa. Vilivyofaulu vilikaa kwenye trei wazi siku mbili, vitoe harufu ya oveni, ndipo vinaingia kwenye viboksi. Mtu makini angeuliza mbona tulipima kabla ya zile siku mbili na si baada. Ndugu yangu alisema haina maana kupumzisha vijiti vibovu. Nilikubali, maana ilikuwa na akili. Nimekuwa nikiifikiria akili hiyo tangu wakati ule.

Viboksi vikaanza kwenda. Wapiga picha wana grupu lao kwenye simu, kubwa, wa Dar nzima, na mdogo wangu akawa mtu humo. Lakini malalamiko ya kwanza yalikuwa ya aibu: mteja mmoja amefungua kiboksi, kimemnukia machinjio. Mdogo wangu alirudi amenuna. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa kizingitini anachambua mchele, akamsikia.

"Kwani nyie hamfukizi?" akauliza, kama mtu anayeuliza kama hatupigi mswaki. "Sie kwetu kitu hakitoki nyumbani bila kufukizwa. Nguo, shuka, hata mtoto. Alhamisi nitawaletea chetezo."

Mdogo wangu akasema, "Mama, utakuwa umetuokoa."

Alhamisi alasiri akaja na chetezo cha udongo, makaa mekundu, na kopo la udi wake. Haukuwa ubani wa kawaida. Ulikuwa udi anaoupika mwenyewe kwa sukari na mafuta ya manukato, siri ya mama yake. Chumba kikageuka. Nilisimama katikati yake nikavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie pale nikasahau nipo Vingunguti. Mama akanionyesha jinsi ya kufukiza nguo, unaweka tenga la fito juu ya chetezo na kutandaza khanga juu yake. Halafu akanipa chetezo mkononi, akasema, "Zungusha chini ya hizo trei zako, mwanangu, usiogope."

Nikazungusha. Ningetaka sana kuwa msafi kabisa katika habari hii, lakini mkono uliozungusha chetezo chini ya vijiti vile ni huu wangu, Alhamisi baada ya Alhamisi, na nilikuwa naona raha. Miaka yote ile ya maabara, na sikujiuliza moshi ule unatua wapi. Kwangu uchafu ulikuwa kitu kinachonuka. Kitu kinachonukia vizuri hakikunijia kichwani kwamba ni uchafu. Wala ndugu yangu hakujiuliza, na wateja ndio kabisa. Waliandika kwenye grupu kwamba vijiti vya Dar vinanukia kama chumba cha bibi harusi. Mdogo wangu akanisomea huku anacheka.

Halafu akaja mpiga picha mmoja wa Kinondoni.

Alikuja asubuhi, na kamera yake kwenye begi na kompyuta ndogo kwapani, hakusalimia. Alifungua picha za harusi aliyokuwa amepiga Jumamosi. Kila penye taa palikuwa na ukungu, kama umepiga picha kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa amesafisha kamera kwa kijiti chetu asubuhi ya harusi. Akasema bibi harusi analia, mama yake anatukana, na yeye anataka kujua tumemuuzia nini.

Mdogo wangu alikitazama kioo cha ndani kwa tochi. Utando ulikuwepo, hata mimi niliuona kutoka nilipokaa, umekaa miraba miraba, saizi ya mpira wetu. Mdogo wangu akageuka, hakuniangalia usoni, aliangalia mikono yangu.

"Ni huyu dada yangu," akamwambia yule mtu. "Nimemwambiaga mara kibao aache kujipaka mafuta, hasikii. Samahani sana, braza. Namtoa leo."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, wembe mkononi, kijiti mkono wa pili. Mikono ilikuwa imepauka mpaka kwenye vifundo imepasuka. Yule mpiga picha alinitazama kwa chuki, halafu kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonichoma. Kwetu humkanushi ndugu yako mbele ya mteja. Unameza, mgeni anaondoka, ndipo mnasemezana ndani. Nilimeza.

Mgeni alipoondoka nilimwambia, "Njoo unuse hii mikono."

"Dada, sasa mafuta yametoka wapi? Mie sishiki mpira. Anayeshika ni we."

"Nimekwambia nusa."

Hakunusa. Alianza kukusanya trei, akasema nipumzike kidogo Chanika mpaka mambo yapoe. Nikavua aproni nikaikunja. Mama mwenye nyumba alinikuta getini, akadhani naenda mapumziko, akanifungia udi kwenye karatasi nikafukize nyumbani. Nilimshukuru, nikaondoka.

Nilidhani yameishia chumbani mle. Wiki ile ile jumuiya yetu ya Chanika ilikuwa na maandalizi ya kipaimara, na mimi ndiye ninayekandaga unga wa maandazi kila sherehe, tangu nihamie. Nilifika nimejifunga khanga kiunoni. Mwenyekiti wetu, mama mpole sana, akanishika mkono akanipeleka pembeni.

"Safari hii dada utusaidie kupanga viti."

"Viti? Na unga?"

"Unga wamepata mtu."

Niliwatazama wale akina mama kwenye karai. Mmoja wao ana kijana anayepiga picha za sherehe. Mama huyo ndiye aliyenionea huruma baadaye, akatoa simu, akasema, "Hii si sauti ya mdogo wako?" Ilikuwa sauti ya mdogo wangu, aliyoirekodi akaituma kwenye grupu la wapiga picha. Alikuwa akiomba radhi kwa niaba ya kazi yake. Alisema kosa lilikuwa la usafi wa mtu mmoja, dada yake, aliyeshindwa kuacha tabia ya mikono ya mafuta, na kwamba ameshamwondoa ingawa ni damu yake. Yale maneno, "ingawa ni damu yangu," aliyasema kwa uchungu mzuri kabisa. Ungemhurumia.

Nilipanga viti. Nilivipanga vyote, mistari iliyonyooka, nikarudi nyumbani nikalia kwa hasira hadi kichwa kikauma. Sikulilia kazi. Kazi niliwahi kupoteza nyingine. Nililia kwa sababu mwanamke wa umri wangu, asiye na mume wala mali, ana kitu kimoja cha kumtambulisha, na mimi changu kilikuwa kwamba nikiosha kitu kimetakata.

Miezi ikapita. Kwenye karai sikurudishwa. Hakuna aliyenitukana, na ningependa wangenitukana, maana tusi unalijibu. Chakula changu walikila kwa adabu, kidogokidogo.

Jibu lilinijia kwa bahati. Alasiri moja nilikumbuka ile karatasi ya udi, nikafukiza chumba changu, chetezo nikakiweka chini ya picha ya marehemu mama iliyo ukutani. Kesho yake nikapangusa kioo cha picha ile kwa kidole, na kidole kikaacha njia. Nikanusa kidole, kinanukia udi. Nikapitisha tena, kikateleza. Nilikaa kitandani.

Lakini mimi ni mtu wa maabara, sikutaka kudhani. Nilikuwa na kiboksi cha vijiti vyenye kingo mbovu nilivyopewa siku za nyuma nivitupe, sikuvitupa. Nikaviosha vyote sawa, nikavikausha. Kimoja nikakishika kwa mikono mikavu niliyoiosha kwa sabuni. Kimoja nikakifukiza. Kimoja nikakishika baada ya kujipaka mafuta ya nazi, kwa sababu lazima uwe mkweli hata ukiwa na hasira. Nikavunja kioo cha fremu ya zamani vipande vitatu, nikavisafisha kwa spiriti, nikagandisha, nikapuliza pumzi. Cha mikono mikavu, mvuke ulilala sawasawa. Cha mafuta kilitoa alama za vidole, vipande vipande. Cha udi kilitoa mraba kamili, wenye pembe nne, kama ule niliouona ndani ya kamera ya yule mtu wa Kinondoni. Vidole havitoi mraba. Mtu yeyote angeliona hilo kama angetaka.

Nikavifunga vile vioo kwenye kitenge, nikaenda Vingunguti asubuhi. Mama mwenye nyumba alifurahi kuniona, akanikumbatia, kisha akaanza kulalamika hata sijakaa.

"Mdogo wako amenikataza chumba chake. Eti wateja hawapendi harufu. Tangu kabla ya Ramadhani sijaingiza chetezo mle."

Kabla ya Ramadhani. Mimi nilikuwa nimefukuzwa wiki chache tu kabla ya hapo. Nilimtazama yule mama, na kopo lake la udi, siri ya mama yake, na sikuweza kumwambia. Nikasema, "Wateja siku hizi wana mambo mengi, mama," nikaingia ndani.

Ndugu yangu alikuwa amevaa glovu za bluu. Trei zilikuwa na vifuniko vya kioo. Ukutani palikuwa na karatasi kwa mwandiko wake: Hakuna kufukiza humu. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha. Nilikuwa nimepanga hata maneno njia nzima. Nikabaki nimekishika kitenge changu na vioo vyangu vitatu.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Dada, karibu kwanza, kaa."

"Lini?"

Akavua glovu taratibu. Akasema mama alisafiri kwenda Tanga kwa mwanawe, wiki mbili hakukuwa na udi, vijiti vikatoka safi. Aliporudi akafukiza, utando ukarudi.

"Na mie nilishaondoka."

"We ulishaondoka."

"Ukanyamaza."

"Ishu ilishapoa, dada. Ningeifufua ya nini? Ningewaambia nini watu, kwamba sie tunafukiza vifaa vya kamera kama khanga? Wangenicheka mpaka nifunge. Ningemtaja nani sasa, yule mama wa watu? We ni dada yangu. We si mtu baki."

Nimewahi kupigwa makofi na baba, na nimewahi kuondolewa kazini kwa barua ya mistari miwili. Hakuna lililonikata kama hilo. Alinitupia jambo lake kwa sababu mimi ni wake. Mgeni angemshitaki. Jirani angemsema. Dada anabeba, anakwenda nalo Chanika. Nilimwambia ni mwoga, na nilimwambia kwa sauti ambayo mama nje lazima aliisikia.

"Unataka nini?" akauliza.

"Toa simu. Sema palepale uliposema."

Alikataa. Akazunguka chumba, akashika hiki, akaacha kile. Nikavuta kigoda, nikakaa. Nilikaa mpaka adhuhuri ikapita, mpaka wateja wawili wakaja na kuondoka wakinitazama. Mwisho akakaa na yeye, akashika simu mdomoni, akarekodi. Nitamtendea haki: alisema yote. Alisema, "Dada yangu hakuwa na kosa, mikono yake ilikuwa safi siku zote, ulikuwa ni moshi wa udi na lilikuwa kosa langu mimi mwenye kazi, naomba radhi kwake na kwenu." Akatuma. Mimi machozi yalinilenga, na kwa dakika moja nzima nilimpenda kama zamani.

Majibu yakaanza kuingia. Akaweka simu mezani ili tusome wote.

Wa kwanza alituma viganja viwili vilivyoshikamana. Wa pili aliandika: Mungu akubariki kwa kumsitiri dada yako. Wa tatu: Si wengi wangejibebesha kosa la ndugu, braza una moyo. Halafu yule wa Kinondoni mwenyewe: Tumeelewa kaka, familia ni familia, yaishe. Wakafuatana, mioyo, viganja, mtu na neno lake zuri. Hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza juu ya udi.

"Waambie ni kweli," nikasema. "Waambie humsitiri mtu."

"Nimeshasema, dada. Nirudie mara ngapi?"

Akayasoma tena yote kutoka juu, taratibu, na nikaona uso wake unalegea na tabasamu linakuja. Akaandika neno moja, akalituma. Niliinama kusoma. Aliandika: Amina.

Kisha akaniuliza kama sasa nimeridhika.